Yadi wanataka Hilux yangu na milioni 18 wanipe Prado, mke wangu amekataa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Uyole, Mbeya. Mke wangu na mimi tuna duka la pembejeo za kilimo. Yeye ndiye anayekaa dukani muda mwingi, mimi nahangaika na shamba letu la viazi Umalila, upande wa Ilembo, na kuwapelekea mzigo wateja wa mbali. Gari letu ni Hilux dabo kebini ya 2006, dizeli, injini ya 2.5. Mbolea na mbegu zinapanda nayo, viazi vinashuka nayo, na wateja kuanzia Inyala mpaka Igurusi wanalijua gari kuliko wanavyolijua jina langu.

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu kwenye yadi moja hapa mjini. Nikaikuta Prado ya 2005, nyeupe, petroli, injini ya 2.7, viti safu tatu. Nilikaa kwenye usukani, Shangazi, sikutaka kushuka. Mwenye yadi akaizunguka Hilux yangu, akasema anaipokea kwa milioni 26. Prado anauza milioni 44. Maana yake niongeze 18 tubadilishane funguo. SACCOS yetu wako tayari kunikopesha hizo 18 nilipe kwa miaka mitatu. Amenipa mpaka Jumatatu, anasema kuna mteja mwingine kutoka Tunduma anaitaka.

Sababu zangu ni hizi. Kwanza, watoto wamekua. Mkubwa yuko kidato cha tatu na ananipita urefu. Tukijihesabu na mama yangu, ambaye tunaishi naye, tuko saba, na gari ni la watu watano. Krismasi tukienda ukweni Kyela, wakubwa wawili wanakaa nyuma kwenye bodi, na kila nikimwona trafiki moyo unanidunda. Pili, mama ana shida ya magoti. Kila mwezi nampeleka kliniki Hospitali ya Rufaa, na Hilux ikiwa tupu inamrusha mpaka ananiomba nisimame. Tatu, nimechoka kuombwa. Makochi ya jirani, kreti za soda za sherehe, mbao za mjomba, jeneza la mtu wa jumuiya. Mwenye pikapu hana Jumamosi. Nikiwa na Prado hakuna atakayeniomba nimbebee kabati.

Na ya nne nakwambia wewe tu. Nina miaka 46, nimefanya kazi tangu kijana. Wenzangu niliosoma nao tukikutana harusini wanashuka kwenye magari ya maana, mimi nashuka kwenye gari lenye vumbi la mbolea.

Mke wangu amekataa. Wala hakueleza sana. Alisema tu, "Viazi vitakaa kwenye viti?" akaendelea kupima mbegu za mteja. Tangu siku hiyo tunaongea habari za watoto basi. Shangazi, nimekosea kutamani? Nibadilishe au niache?

Baba wa Wanne, Uyole


Marahaba, mwanangu. Hujambo na wote hapo nyumbani?

Usibadilishe. Nimeanza na jibu kwa sababu Jumatatu iko karibu, na sitaki uamue kwa kukimbizwa. Huyo mteja wa Tunduma kama yupo na ana fedha zake, anunue. Prado za mwaka huo zipo nyingi, na hata mwakani zitakuwepo.

Kutamani hujakosea hata kidogo. Mtu aliyebeba magunia miaka yote hiyo ana haki ya kutaka kukaa mahali pazuri. Shida yangu ni kwamba sababu zako nne zote ni za kweli, lakini ile Prado inatibu moja tu, tena nusu nusu, na hapohapo inakuondolea kitu kinacholipa ada za shule. Mke wako aliliona hilo haraka kuliko wewe. Swali lake halikuwa kejeli. Anauliza mzigo utapanda nini, na katika barua yako yote sikuona mahali ulipomjibu.

Basi tumjibu pamoja. Mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50 ni tani moja, na Hilux kama yako hubeba karibu na hapo. Prado ya miaka hiyo, hata ukikunja viti vyote vya nyuma, uwezo wake ni kilo mia sita na kitu, na humo umo na wewe dereva. Kwa hiyo safari moja ya Ilembo inakuwa mbili, au unakodi lori dogo, Kanta. Kanta wakati wa kiangazi utaipata. Mvua zikishashika, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kupanda kutoka Mbalizi kwenda Umalila ni jambo jingine: dereva ataangalia matope, ataangalia mteremko, atakutajia bei anayotaka yeye au atakataa kabisa. Na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havisubiri mvua ikate. Vikilowa vinaoza, vikikaa juani vinageuka kijani, havifai kuliwa.

Kuna faida nyingine ya pikapu ambayo labda umeizoea mpaka huioni tena. Mlanguzi akija shambani na bei ya chini na lumbesa yake, yale magunia ya kujaza kupita kipimo, wewe unaweza kumwambia hapana, ukapakia na kushuka Mwanjelwa au Uyole mwenyewe. Mkulima mwenzako asiye na gari hawezi kulisema hilo neno. Siku utakayobaki na Prado, na wewe utakuwa pale kwenye mfereji, viazi viko juu ya nyasi, unasubiri mtu mwingine apange bei.

Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine, na ninaomba uisome mara mbili. Duka la pembejeo haliuzi mbolea peke yake. Mnauza dawa za ukungu wa viazi, dawa za wadudu, dawa za magugu. Kwenye Hilux, dawa inakaa kwenye bodi nje, na kati yake na watoto kuna bati na kioo. Kwenye Prado hakuna ukuta. Sehemu ya mizigo na viti vya abiria vinavuta hewa moja. Chupa moja ikivuja siku ya jua la Igurusi, mvuke wake unaingia kwenye zulia na kwenye sponji ya viti, na jioni hiyo hiyo mwanao mdogo anapanda, analala juu ya kiti kile akiwa anatoka shuleni. Harufu ikiisha haimaanishi sumu imeisha. Utasema utakuwa mwangalifu, nami nakuamini, ila mteja akipiga simu anataka lita tano haraka na gari pekee ni Prado, utaziweka nyuma. Mtu yeyote angeziweka. Na mbolea yenyewe haikai vizuri ndani ya gari la namna hiyo. Mbolea ya CAN hunyonya unyevu wa hewani, chembe zikijificha chini ya zulia zinakula bati pole pole, na hutajua mpaka fundi akufunulie.

Sasa fedha. Milioni 18 kwa miezi 36 ni shilingi 500,000 kila mwezi, riba haijaingia. Ongeza mafuta. Hilux yako ya dizeli kwa kukadiria inakwenda kilomita 10 kwa lita. Prado ya petroli ya 2.7, kwa milima yetu, usitegemee zaidi ya 7. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, Hilux itakunywa lita 2,000 na Prado lita kama 2,860. Hizo lita 860 za ziada, tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, ni zaidi ya milioni mbili na nusu kwa mwaka. Bei halisi utaiona kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza, na unajua sisi wa Mbeya tunalipa zaidi ya watu wa Dar kwa sababu mafuta yanasafirishwa mpaka huku. Tena kumbuka ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyofutwa 2017 haikupotea, ilihamishiwa kwenye mafuta. Anayechoma lita nyingi ndiye anayelipa zaidi. Kwa hiyo kabla hujakodi Kanta hata moja, Prado inakudai zaidi ya laki saba kila mwezi, kwenye nyumba ambayo Januari ina ada za watoto wanne.

Kitu kingine ambacho hutakiona ukiwa umekaa kwenye usukani pale yadi ni mwinuko. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Umalila inavuka 2,000. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Dizeli yako ina tabo, inajirudishia sehemu kubwa ya kile kilichopotea. Ile 2.7 ya petroli haina, na gari lenyewe lina uzito wa karibu tani mbili likiwa tupu. Mjini hutahisi. Utahisi ukiwa na watu saba mnapandisha kutoka Kyela kwenda Tukuyu.

Watoto ndio sababu yako ya kweli kuliko zote, na kuhusu wao nakuwa mkali. Wale wawili wakubwa wasikae tena kwenye bodi, si Krismasi, si siku yoyote. Acha trafiki na faini. Barabara ile ya kushuka Kyela ina kona, ina ukungu, ina malori, na mtoto aliyekaa kwenye bodi hana mkanda wala paa. Safari hiyo ya mara moja kwa mwaka wawili wapande basi na mama yao, au nyote mpande basi. Nauli ya watu saba kwenda na kurudi haifiki hata rejesho la mwezi mmoja la mkopo wako. Tena safu ya tatu ya Prado ikisimamishwa, nyuma hakubaki nafasi ya mabegi. Na sijaona mtu aliyetoka ukweni Kyela bila mchele. Huo mchele ungeuweka wapi?

Mama yako. Hapa nimefurahi kwamba umemfikiria, ila Prado nayo iko juu. Magoti yale yale yatapanda kwa shida ile ile. Kinachomrusha ni springi za nyuma, zimetengenezwa kwa mzigo, na zikiwa hazina mzigo zinakuwa ngumu. Ipeleke Hilux kwa fundi aangalie kama mwenye gari wa zamani aliongeza chuma cha springi. Wengi huongeza ili wabebe zaidi, kikitolewa gari linalainika. Shokapu zikiwa zimekufa, badilisha. Angalia upepo wa matairi: kwenye fremu ya mlango wa dereva huwa kuna kibandiko chenye kipimo cha gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, na nina hakika kubwa unatembea na kile cha mzigo mwezi mzima. Siku ya kliniki weka mifuko miwili mitatu ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, ifunge isitembee, mama akae mbele, na weka kigoda cha kupandia. Yote hayo ni gharama ndogo sana mbele ya milioni 18. Na kama bado anaumia, siku hiyo moja ya mwezi mkodie teksi ndogo. Gari la chini ndilo linalofaa magoti.

Kuombwa. Nimelisoma eneo hili nikakuonea huruma kweli, kwa sababu nadhani ndilo linalokukimbiza kuliko hata watoto. Umechoka na watu, halafu unataka kuuza gari. Lakini Prado haitakupumzisha. Wataacha kukuomba ubebe kabati, wataanza kukuomba ubebe bibi harusi. Watakuomba umpokee mgeni uwanja wa Songwe, umwahishe mgonjwa usiku, uongoze msafara. Na kukataa ukiwa na gari la namna ile ni kugumu zaidi, maana watasema umebadilika.

Mwanangu, jifunze kusema hapana ukiwa na hiyo hiyo Hilux. Msiba usikatae, huku kwetu mwenye gari akikataa kubeba jeneza, jambo hilo watu hawalisahau, wala wewe mwenyewe hutalala vizuri. Lakini makochi na mbao, sema Jumamosi ni siku ya shamba, mtafute mwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, pale stendi, namba yake hii. Weka hiyo namba kwenye simu kabisa uwe unaigawa. Kijana wa watu atapata kazi na wewe utapumzika. Ndugu wa karibu ukiamua kumsaidia, aweke mafuta kwanza, kabla gari halijawashwa. Ila usigeuze kuwa biashara ya kukodisha kimya kimya, kwa sababu kubeba mzigo wa watu kwa malipo kunataka leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi inaweza kukataa kukulipa ukipata ajali ukiwa kwenye kazi ya namna hiyo. Soma mkataba wa bima yako.

Ile sababu ya nne sitaipuuza. Mwanaume wa miaka 46 akijiona mdogo mbele ya wenzake, hayo ni maumivu, si majivuno. Lakini hujui nani kati yao anadaiwa. Wewe una gari lisilo na deni, duka na shamba la viazi. Kabla ya harusi ijayo peleka Hilux ikaoshwe vizuri, bodi mpaka chini, badilisha vifuniko vya viti, mpigie pasi mke wako gauni na mwende. Nakwambia kwa moyo, si kukufariji.

Je, kuna siku nitakuambia uza? Ipo. Mkiamua kuacha kupeleka mzigo kwa wateja, au mkapata gari la mzigo la duka, basi Hilux inaweza kuondoka. Siku hiyo usiipeleke yadi kubadilishana. Yadi inakupunja mara mbili, kwenye bei ya lako na kwenye bei ya lao. Dabo kebini ya dizeli haikai muda mrefu bila mteja katika nyanda zetu hizi; iuze mwenyewe, kwa mkataba mbele ya wakili, na uhakikishe uhamisho wa umiliki umekamilika TRA ili faini za mwingine zisije kwa jina lako. Na gari utakalonunua, linganisha namba ya chesisi na kadi, angalia madeni ya faini, uliza kama kadi haijashikwa na benki, na ulijaribu kwenye mlima, likiwa na watu, si kuzunguka uwanja wa yadi. Usiamini kilomita za kwenye dashibodi.

Kama shida inabaki kuwa viti, kuna njia ambayo mwenye yadi hakukutajia. Kwa fedha pungufu ya hizo milioni 18 unaweza kupata gari dogo la watu saba lililotumika, Wish au Noah, ukabaki na Hilux yako. Noah unaziona kila siku zikipandisha watu Tukuyu, spea zake zipo na mafundi wanazijua. Lakini hilo nalo si la mkopo na si la mwaka huu. Lisubiri viazi, na ada za Januari zitangulie.

Leo jioni mkifunga duka, chukua daftari la mauzo, kaa na mke wako, mwandike safari zote za mzigo za msimu uliopita na kila moja ingegharimu kiasi gani kwa gari la kukodi. Mwache yeye ashike kalamu. Mwambie umepata jibu la swali lake, kwamba viazi haviwezi kukaa kwenye viti, na kwamba hukupaswa kungoja Shangazi akuambie. Umsikilize na yeye, huenda naye amechoka na jambo fulani la hilo gari ambalo hajakutajia. Mwenye yadi mpigie simu Jumatatu asubuhi umwambie hapana, asante. Usiende mwenyewe, kwa sababu utakaa tena kwenye ule usukani. Ukitoka hapo peleka Hilux kwa fundi aangalie springi, na umuulize mkanda wa taimingi wa injini hiyo ulibadilishwa lini. Kama hakuna anayekumbuka, ubadilishwe kabla hujapanda tena Umalila.